Mbuzi Hasemi

Kindu, Mikelenge
9 Juni 2002

Kwako Florentin, mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Hujambo na afya, na masomo, na ule mkono uliouvunja ukijifanya mchezaji mpira? Sisi huku tunapumua, na siku hizi anayepumua halalamiki.

Mji umefungwa pande zote. Nje wako wapiganaji wa Mai-Mai, ndani wako askari wa waasi, na katikati tuko sisi na majani ya sombe tunayochuma nyuma ya nyumba. Anayekwenda shambani harudi. Mume wangu Okito alikwenda kijiji cha Tunda mwezi wa pili kutafuta mchele, njia ikafungwa nyuma yake. Yuko hai, mtu mmoja alimwona. Nakuandikia hivi bila kulia kwa sababu machozi yanataka chumvi, na chumvi hakuna.

Sasa wewe unayesomea udaktari wa wanyama, nisaidie. Kwa kuwa askari wanakula kila chenye miguu minne, mtaa mzima tumeingiza mbuzi vyumbani na tunalala nao. Mimi ninalala na Minisita, yule uliyempa jina hilo la waziri wewe mwenyewe kwa sababu anakula karatasi na hafanyi kazi yoyote. Bado ana pembe moja na kiburi chake chote. Lakini tangu mwezi wa nne mbuzi wa mtaani wanaharibu mimba, huyu baada ya yule. Wanawake wanawahudumia humo chumbani kwa mikono mitupu, na baada ya wiki tatu au nne wanakuja kwangu kituoni na homa isiyosikia dawa. Watatu wamepoteza mimba. Nimewachunguza: kila mmoja, mbuzi wake ndiye aliyetangulia. Daktari alishakimbia, kituo cha afya kimebaki mikononi mwangu. Vitabu vyenu vinasemaje?

Padri Edouard anapanda ndege ya mizigo kesho, ndiye anayebeba barua hii.

Dada yako,
Emerance

*

Kisangani
30 Juni 2002

Dada mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mkono umepona, masomo yanakwenda, njaa ya wanafunzi iko palepale. Wewe je, unakula? Shemeji Okito, Mungu amlinde huko aliko.

Nilimsomea profesa wangu barua yako, akavua miwani. Anasema ugonjwa huo huenda ni brusela. Unatoka kwa mbuzi kwenda kwa mtu, unaharibu mimba za wote wawili. Basi kwanza hili: mtu asiguse kondo la nyuma la mbuzi kwa mikono mitupu. Afunge mifuko mikononi, afukie mbali, asugue sakafu kwa majivu.

La pili: profesa anasema hajasoma popote habari za watu waliolala na mbuzi kwa ajili ya vita. Anataka tuandike nyumba kwa nyumba. Siyo mbuzi tu, dada. Nani analala chumbani, mume yuko wapi na tangu lini, mimba ina miezi mingapi. Anasema ugonjwa wa mnyama, ugonjwa wa mtu na maisha ya nyumba ni kitu kimoja, lazima visomwe pamoja. Nakutumia kaye tatu tupu za kuandikia na kalamu. Tutaandika sisi wawili, jina lako mbele, langu nyuma. Na siri za akina mama nitazilinda kama siri za mama yetu.

Mdogo wako,
Florentin

*

Kindu
18 Agosti 2002

Kwako mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima kiasi. Majivu yako yanafanya kazi: mwezi huu homa zimepungua, na wanawake wanakuita Daktari ingawa bado hujafaulu chochote.

Kaye zilinipa shida kuliko ugonjwa. Nilipouliza habari za mbuzi, kila mmoja alisema mpaka nikachoka. Nilipouliza mimba ina miezi mingapi na mume yuko wapi tangu lini, wakanyamaza. Unajua kuhesabu, Florentin. Mume amekuwa ng'ambo ya mto miezi saba na mimba ina miezi mitatu. Askari wanaingia nyumbani wanavyotaka. Sina haja ya kukuandikia zaidi.

Hadidja, jirani yetu, aliniambia wazi, "Emerance, mimi nitakuambia yote, lakini jina yangu isionekane kwa hiyo kaye. Bwana yangu atarudia siku moja."

Nikamjibu, "Sitaandika wewe. Nitaandika mbuzi yako."

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. "Basi sawa. Mbuzi haisemake."

Ndivyo tulivyofanya mtaa mzima. Palipotakiwa jina la mwanamke nimeandika mbuzi wake: jina, rangi, sikio, pembe. Hivyo sitachanganya nyumba, na askari akiikuta kaye ataona mambo ya mifugo. Niliwaambia akina mama kwamba tukificha hata nyumba moja, hesabu itatudanganya sote. Wamenielewa. Nawe uelewe: wewe umezaliwa hapa. Mgeni akisoma anaona mbuzi, mtu wa Mikelenge akisoma anaona mtu. Ukishahesabu, kaye zirudi kwangu au zichomwe.

Mwezi uliopita askari walipita kwetu pia. Walimkuta Minisita chini ya kitanda, wakamwacha. Tuyaache hayo.

Dada yako,
Emerance

*

Kindu
20 Julai 2003

Kwako Florentin,

Salamu. Ni karibu mwaka bila neno langu, najua. Nilikuwa mgonjwa kwa muda, sasa nimesimama. Barua zako zote nne zilifika. Sikuwa na nguvu ya kujibu.

Njia zimefunguliwa. Okito amerudi mwezi uliopita, amekonda, ana ndevu, anaogopa sauti ya mlango. Amekuta mke na mbuzi, anamshukuru Mungu kwa wote wawili. Minisita ametolewa chumbani, amejengewa kibanda, na Okito anasema sasa kweli anaishi kiwaziri.

Nakutumia kaye zote tatu kwa mkono wa Padri Edouard. Nyumba arobaini na moja, hakuna niliyoiruka. Zihesabu, kisha fanya kama nilivyokuambia. Ahadi yetu usiisahau hata ukiwa mkubwa.

Dada yako,
Emerance

*

Ubelgiji
14 Novemba 2008

Dada yangu,

Naamini mko wazima nyumbani. Mimi nashukuru, ila baridi ya huku haina adabu.

Nimepata udaktari wangu wa chuo kikuu. Watu walisimama wakapiga makofi, nikakukumbuka. Umeniuliza mara tatu habari za kaye. Ziko salama kabatini kwangu, bado nazihitaji kidogo. Habari ya jina lako tutaiongea, hapa kuna taratibu nyingi. Nisamehe kwa ufupi, wanafunzi wananisubiri.

Mdogo wako,
Florentin

*

Kindu
5 Februari 2024

Kwako Florentin,

Salamu kwako, kwa mkeo na watoto. Sisi tulikuwa wazima mpaka juzi Jumamosi.

Najua kuna simu. Ukiwa kwenye simu wewe hukatiza watu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Jumamosi walikuja vijana wa chuo kikuu kwenye ukumbi wa parokia, na kitabu chako. Sikujua kama kuna kitabu. Msichana wao, Nicole, mpole sana, alisema mnataka kurudisha matokeo kwa wananchi waliotoa habari, na kwamba profesa mwenyewe ni mtoto wa Mikelenge. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote. Nilikaa mbele, Okito kandokando yangu, nimevaa kitenge cha sikukuu.

Kisha akasema atasoma jedwali la nyumba arobaini na moja, ametafsiri kwa Kiswahili ili wazee nao wasikie. Akaanza: mbuzi Sukari, mweupe, sikio la kushoto limekatwa. Watu wakacheka, "Sukari ya mama Hadidja!" Akaendelea kusoma. Mume yuko ng'ambo ya mto, miezi saba. Mimba ya miezi mitatu, si ya mume. Mtoto amezaliwa hai.

Moussa wa Hadidja alikuwa amesimama mlangoni. Ana miaka ishirini na moja, ni fundi wa pikipiki, anampenda baba yake kupita kiasi. Alitazama kichwa cha mama yake kwa nyuma, kisha akatoka.

Nicole hakujua lolote, aliona tu ukumbi umetulia, akadhani tunasikiliza vizuri. Nilisimama kumzuia, akaniashiria kwa upole kwamba maswali yangoje mwisho. Alisoma mpaka mwisho. Wanawake walitoka mmoja mmoja, kila mmoja baada ya mbuzi wake. Hadidja alipita mbele yangu akasema, "Uliniambia mbuzi haisemake. Leo imesema mbele ya mutoto yangu."

Tangu jana hakuna anayekuja kituoni kwangu. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alipelekwa ng'ambo ya mto kwa pirogi badala ya kuletwa kwangu hatua mia mbili. Miaka thelathini nimezalisha mtaa huu, Florentin.

Nina swali moja, nijibu moja tu. Ulipoyaandika hayo, uliyasoma?

Dada yako,
Emerance

*

Ubelgiji
20 Februari 2024

Dada mpendwa,

Pole sana. Natumaini afya yako ni njema licha ya yote, na shemeji pia.

Barua yako imenisumbua. Lakini naomba tutulie. Kitabu hakina jina la mwanamke hata mmoja. Kamati ya maadili iliangalia ikaridhika, na wahakiki watatu waliona ni mbuzi, siyo watu. Waliyapenda hata majina, walisema yanaleta uhai. Na jina lako pia sikuliweka, kwa kulinda siri hiyohiyo. Utaona kwenye shukrani nimeandika "muuguzi mmoja wa Kindu". Iliniuma, lakini ndiyo taratibu.

Umeuliza kama niliyasoma. Dada, hilo ni tusi kidogo. Nimezisoma kaye zako mstari kwa mstari, zaidi ya mara kumi. Hakuna nyumba nisiyoijua. Miaka ishirini nimeishi nazo, na kwa kazi hiyo ugonjwa huu sasa unafundishwa kwa madaktari wa wanyama na wa watu pamoja. Hayo ni matunda yako pia. Watu wa mtaa watasahau. Toleo la pili likitoka, ukitaka, nitaweka jina lako kamili.

Mdogo wako,
Florentin

*

Kindu
11 Machi 2024

Florentin,

Nimeipata. Afya yangu usiiulize.

Nilikuuliza kama uliyasoma, na nilikuwa naomba Mungu ujibu hapana. Ungesema ulinakili tu kwa haraka, kichwa kimejaa, ningekusamehe. Uvivu wako naujua tangu una miaka minne. Lakini umeandika kwa mkono wako kwamba hakuna nyumba usiyoijua.

Basi fungua ukurasa wa 143, nyumba ya kumi na saba. Soma kwa sauti kama Nicole alivyosoma.

Mbuzi: Minisita, jike, pembe moja. Analala chini ya kitanda. Mume: yuko Tunda tangu Februari. Mimba ya miezi minne, si ya mume, askari wa mwezi wa saba. Homa siku kumi na moja. Mimba imetoka.

Mikelenge ilikuwa na Minisita wangapi wenye pembe moja? Jina ulimpa wewe, kwenye kizingiti cha mama, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Okito. Nilikuandikia kwamba askari walimkuta chini ya kitanda wakamwacha. Hukuniuliza kwa nini walimwacha. Nilinyamaza karibu mwaka, hukuniuliza niliumwa nini. Nikadhani huelewi, mwanaume kijana, yuko mbali. Kumbe majibu ulikuwa nayo kabatini, unayasoma mara kumi.

Nilijiandika kwa sababu nilikuwa nimewaambia wenzangu tusifiche hata nyumba moja. Ningefichaje ya kwangu? Nilijua itasomwa na mdogo wangu peke yake, halafu itaungua.

Nicole alipotaja Minisita, jina liliwachekesha watu hata katika kimya kile, na Okito alicheka pia. Alikuwa bado anacheka Nicole alipofika kwenye neno Tunda.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake asubuhi aliniuliza kitu kimoja. "Uliambia kaye. Uliambia mudogo wako. Mbona mimi hapana?" Alifunga blanketi kwenye baiskeli akaenda Kailo kwa kaka yake Mwamba. Ni wiki tano sasa. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

Hadidja alikuja jana. Alisimama nje ya ua muda mrefu, kisha akaingia na bakuli la sombe, akaketi. Alisema, "Sikujua kama na wewe uko ndani." Tulikula. Moussa bado hajarudi nyumbani, analala kwenye karakana yake. Hadidja anamfuata huko kila siku na mimi nitakwenda naye kesho.

Kaye zangu zirudi, zote tatu. Jina langu usiliweke kwenye toleo lako la pili. Limeshawekwa, lina pembe moja, na mtaa mzima umelisoma. Wala usiniandikie tena "dada". Uliyemwandika kwenye kitabu chako siye dada yako, na mimi nitabaki huyohuyo uliyemwandika.

Muuguzi mmoja wa Kindu