Punje ya Mahindi Golini

Mwalimu Zuhura, mjukuu wangu,

Hapa Temeke sie wazima. Babu yako kutwa anawaonyesha majirani picha yako ukiwa ubaoni. Umeniuliza ufanyeje, maana mwanafunzi wa kidato cha pili amekusahihisha mbele ya darasa.

Mie nilikuwaga nafundisha atomu kwa sinia. Katikati nilirundika kunde na choroko, ndizo protoni na nyutroni za kiini. Elektroni zilikuwa punje za mahindi, nimezipanga ukingoni mwa sinia. Siku moja msichana akachukua punje moja, akatoka nayo mpaka kwenye goli la uwanjani. Akapaza sauti: "Mwalimu, elektroni ikae huku! Kutoka kwenye kiini mpaka hapa ni patupu!" Darasa likaangua kicheko. Nikamfokea arudi akae.

Nyumbani nikafungua kitabu. Alikuwa sahihi. Kesho yake nikampa chaki mbele ya wenzake, nikakaa kwenye dawati lake. Sijawahi kujivunia kipindi kama kile, na wala sikukifundisha mie.

Na wewe mpe wako chaki. Halafu mpigie mama yako, umuulize ile punje aliyokwenda nayo golini aliiweka wapi.

Bibi yako