Kiputo cha Mbayuwayu

3 Februari

Mdogo wangu Wino,

Hujambo? Na bibi je, masikio bado yanamgomea? Mimi mzima, ila humu kwenye chumba cha barafu nafungasha samaki mpaka vidole sivihisi. Nikirudi bwenini hakuna wa kupiga naye soga, naongea na Mbayuwayu wetu wa kwenye katuni.

Kurasa nimezijaza kama kawaida yetu, wewe uchore, mimi nitie maneno kwenye viputo. Lakini jamani! Msichana anaruka juu ya mapaa, halafu adui yake ni mzee mwenye funguo? Tena pale kwenye ngazi, wanapokutana, umemwacha Mbayuwayu kimya. Nikamwandikia: "Karibu, kibaraka! Leo utanitambua!" Nimecheka peke yangu hadi wa kitanda cha juu akagonga ubao. Nichoree joka, bwana!

Kaka yako

24 Februari

Shikamoo kaka,

Sisi tupo. Bibi anakusalimu, anasema usisahau kula.

Kile kiputo umekikosea. Nilikiacha kitupu kwa sababu maneno yalimkaukia. Majoka mimi sijawahi kuyaona. Adui huyu ana adabu, anambebea bibi wa Mbayuwayu ndoo hadi juu, jengo zima linamsifu, na ana ufunguo wa kila chumba. Bibi akienda kliniki, anajifungulia na kuingia. Chumbani Mbayuwayu hawezi kuruka, dari liko chini. Kwenye ukurasa wa mwisho ameegemeza kiti mlangoni. Safari hii usiweke utani.

Mdogo wako

10 Machi

Wino,

Mzima wewe? Huku baridi tu, na kazi juu ya kazi.

Haya, nimekusikia, ila shujaa gani anajificha nyuma ya kiti? Tena kibovu, mguu umefungwa kamba! Nimemtia maneno: "Kiti hiki kina nguvu za radi!" Usininunie.

Kaka yako

2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, ingawa umenyamaza kabisa. Naomba Mungu mko salama.

Jana kiti cha bwenini kilivunjika mguu. Nikakifunga kamba, nikazungusha na kukaza, na mikono ikakumbuka kabla yangu. Kiti ulichochora ni chetu, kamba ile niliifunga mimi. Na yule mwenye funguo ni msimamizi wa jengo letu. Loo, mjinga mimi! Ulikuwa unaniambia, nami nikachekesha.

Usiningoje. Shuka leo hii kwa fundi cherehani wa chini, yule mkali, umwambie yote. Nimeomba ruhusa. Wakininyima naacha kazi.

Kaka yako

19 Mei

Shikamoo kaka,

Bibi mzima, anashangaa tu kwa nini watu wamejaa kwetu.

Nilikuwa nashuka kwa fundi, barua yako mkononi, nikakutana na msimamizi kwenye ngazi akipanda na funguo. Bibi alikuwa kliniki. Kaka, kiputo changu nacho kilikuwa kitupu. Kisha nikasema: "Sitaki uingie kwetu tena." Ikatoka sauti ndogo. Nikairudia kwa kelele, nikairudia tena, mpaka fundi akatoka mbio, futi shingoni na mkasi mkononi. Yule mzee alivyoruka ngazi, ungesema naye ana mabawa! Nilimweleza fundi yote palepale. Polisi wamemchukua, kitasa ni kipya.

Ila kuna majirani hawanisalimu siku hizi. Wanasema alikuwa mtu mwema, nimemharibia jina. Shuleni nakaa dawati peke yangu. Na usiku bado naegemeza kiti.

Nakutumia ukurasa mpya. Maneno ya Mbayuwayu nimeyaandika mwenyewe, ni yaleyale niliyosema kwenye ngazi. Kimebaki kiputo kimoja kitupu, cha mtu aliyesimama mlangoni na begi, akigonga na kungoja afunguliwe.

Hicho usikijaze kwa posta.

Mdogo wako