Beri za Nyuma ya Mustaselkä

Luleå, mwisho wa Aprili

Mdogo wangu mpendwa Hilja,

Nakusalimu, nikiomba barua hii ikukute mzima, goti lako limetulia, na banda lina kuni za kukufikisha kiangazi. Ukiniuliza mimi, hali yangu si ya kuulizwa. Sauti ilikwenda tangu majira ya baridi, chakula kinapita kwa shida, na daktari ameacha kunidanganya. Mkono wa kulia tu ndio unaonitii, nao asubuhi peke yake. Vumilia mwandiko.

Kuna mambo mawili nimekuficha. La kwanza ni mahali mama alipokuwa akichuma beri. Napajua, nimepajua tangu alipokufa, na kila Agosti nimekuwa nikikudanganya. La pili linahusu kazi yangu, ni zito zaidi, nami sijui kama nitapata ujasiri wa kulifikia. Lakini kabla ya yote nakusihi: usiruhusu mtambo wa Rauno uingie Mustaselkä, kwenye msitu wetu. Hata ukisoma mpaka hapa tu ukaitupa barua, nitakuwa nimepata nilichotaka. Mzuie mwanao. Funga geti la barabara ya msituni. Ikibidi, chukua kiti chako cha jikoni ukakae mbele yake, nakujua, unaweza.

Rauno alikuja kunitazama Pasaka. Alileta ile jibini yako ya kutia kwenye kahawa, akanikatia vipande vidogo kama mtoto, na sikuweza kumeza hata kimoja. Akanieleza kwamba misonobari ya Mustaselkä imekomaa, kwamba wakataji wataingia barafu ya mto ikishavunjika na njia zikikauka, na nyuma yao utakuja mtambo wa kugeuza ardhi yote, kisha dawa ya kuua kila kinachoota chini ili miche mipya isisongwe. Akasema msitu ni wetu sote wawili, mimi na wewe, na kwamba umemtuma aniulize kwanza. Halafu akacheka. Alisema, “Nilimwambia mama, wewe nawe, unataka kumuuliza mjomba nini tena? Si yeye mwenyewe aliyeandika kwamba yale makorokoro ya chini hayana kazi?”

Nami, Hilja, nilivuta pumzi kwa midomo, ile “ndiyo” yetu ya huku kaskazini isiyohitaji sauti. Ningeweza kutikisa kichwa. Lakini “hapana” ingetaka maelezo, na maelezo ndiyo niliyoyakimbia maisha yangu yote. Rauno akanipigapiga begani, akaenda zake akiwa na furaha. Tangu siku ile nalala nikisikia chuma kikipasua mizizi.

Sasa habari ya mama. Alinieleza siku zake za mwisho, wewe ukiwa jikoni unachemsha maji. Aliniambia nisikuambie kwanza, kwa sababu, kwa maneno yake, “Hilja ni mtoto mzuri ila mdomo wake hauna mlango, kesho yake kijiji kizima kitakuwa na ndoo.” Alitaka nipatunze, na siku miguu yangu itakapokataa, nikurithishe wewe. Ni mteremko wa kaskazini nyuma ya Mustaselkä. Anzia kwenye jiwe kubwa lililopasuka katikati, shuka mpaka kwenye chemchemi. Hapo katikati ndipo penyewe.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuletea ndoo, nawe unanisimanga, “Daktari wa msitu, leo umemwibia nani?” Na ule mwaka uliponifuata kimyakimya, nikajua, nikakuzungusha kwenye tope la bwawa mpaka ukarudi nyumbani na kiatu kimoja. Ulinitukana wiki nzima. Nilicheka wakati ule. Miguu yangu ilikataa zamani sasa, na bado sikukuambia. Nilisema beri zimekauka. Hazijakauka.

Acha nikueleze kazi yenyewe, kama nilivyopaswa kukueleza ulipokuwa ukiniuliza, nami nikikujibu kwa maneno makubwa ili uchoke. Watu wakitazama msitu wanaona miti, wanadhani hewa ya ukaa yote imefungwa kwenye magogo. Huku kwetu sehemu kubwa imelala chini, ndani ya mboji nyeusi. Mimi na watafiti wenzangu tulitaka kujua vile vichaka vya beri, na kigoga, ile mimea laini ya kijani inayofunika ardhi kama zulia, vina mkono gani katika kuilinda akiba ile. Tukapima viwanja viwili katika msitu wa baba, pale Mustaselkä. Kimoja kingeachwa kama kilivyo. Kingine kingeng’olewa vichaka na kigoga kila kiangazi, ibaki miti mitupu. Kipi kiwe kipi, tuliamua kwa kura. Kila kiwanja tulipigilia vigingi vya chuma mpaka kwenye mwamba, vichwa vikiwa sawa na ardhi. Mboji ikioza na kushuka, vigingi vingechomoza. Mtoto angeweza kulisoma jibu.

Kazi ya kung’oa niliichukua mwenyewe. Wenzangu walishukuru, maana mbu wa Julai unawajua. Nami mwaka hadi mwaka nilirudi na jibu lile lile: hakuna kigingi kilichochomoza, huku wala huko. Nikaandika kwamba mimea ya chini haina uzito wowote katika jambo hili. Kwa kuwa vipimo vya Mustaselkä vilidumu miaka mingi kuliko vya sehemu nyingine zote, neno langu ndilo lililosikilizwa. Wenye mitambo walilipenda sana. Kila walipotaka kugeuza ardhi ya msitu, walinitaja jina.

Mtu mmoja alinipinga. Ni Gunvor Rislund, yule mwanamke mrefu aliyekula kwako samaki mara moja akakusifu viazi. Viwanja vyake vilikuwa karibu na pwani, na pale alipong’oa, vigingi vilichomoza kama meno ya mzee. Kwenye mkutano wa watafiti alisimama mbele yetu sote akaeleza kwamba majani ya vichaka vile ni machungu, hayaozi upesi, na kwamba mizizi yake pamoja na kuvu wanaoishi nayo ndiyo inayoishikilia mboji, wakati kigoga kinaifunika ibaki baridi. Ukiviondoa, alisema, ardhi inaanza kujila yenyewe, inatoa moshi usioonekana.

Nilisimama nikamjibu kwamba labda ni ardhi iliyoganda kwa baridi ndiyo iliyoviinua vile vyuma, kama inavyosukuma nguzo juu, kila mwenye uzio huku anajua. Nikaongeza, “Au ni Gunvor mwenyewe, tazameni mikono ile, inaweza kung’oa nguzo.” Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinifuata nje, akaniomba nimwonyeshe kiwanja changu, siku moja tu. Nikasema nyayo za watu zitaharibu vipimo. Akaniangalia, kisha akasema kwa sauti, wengine wakisikia, “Wewe bwana, unakilinda kiwanja kama mtu anayeficha beri zake!” Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi, nami nikacheka pamoja nao huku masikio yakiniwaka moto.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka tena kuulipia utafiti wake. Alimalizia maisha akifundisha watoto wa shule, na vuli iliyopita alikufa. Niliona tangazo la mazishi gazetini. Sikupeleka hata ua.

Elewa basi kwa nini nakulilia. Nyuma ya Mustaselkä mboji inafika kwenye kiwiko changu, nimewahi kuingiza mkono. Imechukua vizazi na vizazi kujilimbikiza. Mtambo utaigeuza kwa asubuhi moja, dawa itaua kitakachojaribu kurudi, na akiba ile itapanda hewani isirudi tena katika maisha ya wajukuu wa Rauno. Na vigingi vitang’olewa pamoja na mizizi. Vile vigingi, Hilja, ndio mashahidi pekee waliobaki. Vikiondoka, Gunvor atabaki mwongo na mimi nitabaki mkweli, milele.

Basi fanya hivi. Usingoje njia zikauke. Mwonyeshe Rauno barua hii, halafu piga simu chuo kikuu, uombe mtu wa elimu ya udongo, yeyote, hata kijana, aje atazame. Mpeleke mwenyewe kwenye jiwe lililopasuka. Aparaze kigoga taratibu, atavikuta vigingi chini yake, vimemezwa. Najua nakuomba uwaonyeshe wageni mahali pa beri, jambo ambalo mama asingenisamehe. Kama kuna wa kulaumiwa huko aliko, nitajieleza mimi, ninamfuata karibuni.

Utaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nilipokuwa kijana niliogopa kupoteza cheo. Nilipokipata cheo niliogopa kuchekwa, maana kisa chenyewe kinachekesha, Hilja, ungekisikia kwa mtu mwingine ungeshika mbavu. Na kusema sababu kulimaanisha kusema mahali. Kwetu mtu hasemi mahali.

Mkono umeanza kukataa. Nisalimie majirani wote wa kando ya mto wanaonikumbuka bado. Chanuo la mama la kuchumia beri, lile la mbao lenye meno mawili yaliyovunjika, liko darini kwangu nyuma ya bomba la moshi, ni lako. Mwambie Rauno sina kinyongo naye, ni kijana mwema na aliamini alichoandika mjomba wake. Mwambie ile pumzi niliyovuta mbele yake haikuwa “ndiyo”. Wewe mwenyewe nakukumbatia, nakuomba radhi kwa kiatu kile na kwa kila ndoo.

Nimebakiza lile la pili. Kura, Hilja, iliangukia mteremko wa kaskazini, kutoka jiwe lililopasuka hadi chemchemi. Pale ndipo nilipotakiwa kung’oa kila kitu. Kiangazi cha kwanza nilipiga magoti, nikashika kichaka kilichokuwa karibu, kimejaa beri, nikaona vidole vyangu vimeshakuwa zambarau kama vya mama. Nikakiachia. Nikaandika kwamba kiwanja ni kitupu, na nikaandika hivyo kila mwaka uliofuata.

Sikung’oa hata kimoja.

Kaka yako,
Elis