Mhandisi Aliyejipa Mia kwa Mia

Shoga, asubuhi nimekuta waya wa mtandao umechomoka, uko sakafuni, na kompyuta ya mhandisi inaandika kwa kijani: JARIBIO LIMEFAULU. Nikapiga deki, nikapita.

Baadaye akauchomeka, akairusha programu yake kwenye seva za mbali. Ikafuta mafaili ya wateja!

Unajua kamwambia nini bosi? "Huyu wa usafi kachomoa waya kazi ikiendelea. Mimi nilijaribu kila kitu, kikafaulu!"

Kila kitu! Nifukuzwe kazi kwa ajili ya tambara langu!

Nikajikaza, nikamwambia bosi: "Mama, asubuhi waya ulikuwa chini, na bado kompyuta iliandika limefaulu."

Bosi akauchomoa mwenyewe, akamgeukia mhandisi. "Jaribu tena."

Kijani. LIMEFAULU. Kijani, shoga!

Kumbe majaribio yake hayafiki kwenye seva za kweli. Yanauliza seva ya kuigiza aliyoiandika mwenyewe, nayo kaifundisha kujibu "ndiyo" tu. Bosi akamwambia, "Umejitungia mtihani, ukajisahihishia, ukajipa mia!"

Halafu eti msomi.

Sikuwahi kukuambia: ninavyomwamkia nikitazama chini, si heshima. Ni aibu ya kuishia darasa la tano. Miaka miwili, kumbe nilikuwa namwinamia huyu!