Chebet, Kesho Ujibu

Chebet, mtoto wa mwanangu,

Sikuulizi habari za huko. Habari zako nilishaonja utamu wake.

Naandika barua hii kwa Kiswahili, si lugha yetu, ili Wambui naye aisome; neno la kwetu nimeacha moja tu, Kogo, yaani nyanya. Mlikaa chumba kimoja kule ng'ambo, mkanidanganya mkiwa wawili, basi mkaripiwe wawili. Shule yangu iliishia darasa la tatu, unajua. Mwandiko usiucheke.

Tangu tukuzike hapo juu ya shamba, mvua imenyesha vizuri na chai imechipua mpaka wachumaji wanalia mgongo. Yule ndama jike wa ng'ombe mweusi amekua. Kiprono kaka yako ameweka nguzo mpya katikati ya jikoni. Na bibi yake amejifungua msichana juzi. Kesho wanamleta kutoka hospitali, na sisi wamama tutakaa naye tumwitie majina ya watu wetu waliokwenda, moja moja, mpaka apige chafya. Yule ambaye mtoto atalijibu jina lake kwa chafya, ndiye amerudi kwetu. Mchungaji hapendi hayo mambo, lakini atakunywa chai na kunyamaza.

Wananiuliza kama nitataja lako. Mimi ndiye mkubwa, nisipolitaja hakuna wa kulitaja. Nimewaambia nitafikiria. Walitazamana. Hawajui ulichonifanya.

Ile nguzo ya zamani ndiyo ulinifundishia kazi yako. Tulikuwa kituo cha chai tukingoja lori, likizo yako ya mwisho, nikakuuliza mbele ya watu ni kazi gani ya mtu mzima kuangalia nyota zikipasuka. Ukasema, Kogo, nyota kubwa inasimama kwa sababu moto ulio ndani unasukuma kwenda nje. Kuni zikiisha, hakuna kitu cha kuishikilia. Inaangukia ndani kama paa la jikoni letu siku nguzo ilipooza, halafu inapasuka, na inang'aa kushinda maelfu ya nyota. Kazi yako ilikuwa kupima vile huo mwanga unafifia. Ukasema hata chuma kilitoka kwa nyota kama hizo, cha panga langu, mpaka kile kilicho ndani ya damu yangu. Nikakuambia panga langu lilitoka dukani Silibwet, na risiti ninayo. Watu walicheka. Wewe ulicheka mpaka ukakalia kikapu cha mtu.

Damu yangu ulinieleza. Yako ilikuwa mbaya, daktari alikuwa ameshakuambia, na ulikaa hapo juu ya kikapu ukicheka na mimi.

Uliporudi huko ukaanza kunitumia sauti kwa simu, kila Jumapili nikitoka kanisani. Kogo, mimi mzima. Kogo, kuna nyota moja imepasuka, tunaifuata. Jumapili ingine, imeanza kufifia. Ingine, imefifia zaidi. Nami nikawa mjinga wa hiyo nyota. Nilikuwa nasimama kwa mlango wa kanisa nikiwaambia akina mama leo imefika wapi, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa wa nyumbani.

Ng'ombe mweusi alipozaa, nilikuuliza ndama tumwite nani. Hukujibu. Nikauliza tena. Ukaniambia habari ya nyota. Basi nikakasirika, nikakutumia yangu: kwamba umesoma mpaka umesahau kujibu wakubwa, kwamba ni mimi nilikuosha matako na sasa huna dakika moja ya kunijibu, kwamba usinitumie sauti tena kama hunihitaji. Jumapili iliyofuata ikaja. Kogo, mimi mzima. Sauti ya furaha kabisa. Nikasema hiki ni kiburi sasa. Nikanyamaza wiki mbili.

Halafu wakaja kuniambia umekufa.

Ni Wambui alinieleza, siku ya mazishi, tukimenya viazi. Zile sauti zote ulizisema siku moja, kabla koo halijafungwa na dawa, na yeye akawa anazituma moja moja. Nikamuuliza, na nyota je? Alijuaje itafifia namna gani, kama alisema yote siku moja? Akasema, Kogo, za aina hiyo wanajua. Wakiona vile imeanza, wanajua itaendaje mpaka mwisho.

Nilimwachia viazi, nikaenda kusimama na ng'ombe.

Kwa hivyo ulijua. Ya nyota na yako. Na mimi nilikuwa nakaripia mtu anayekufa, na ukaniacha nikaripie. Mama yako aliambiwa. Kiprono aliambiwa. Mimi niliyekulea, eti moyo wangu hautaweza. Huu moyo umezika mume na watoto wawili, na kesho yake nilikamua. Nani alikuambia hautaweza?

Wambui aliandika wiki iliyopita, ameona aibu. Anasema yale makaripio yangu uliyasikia. Hukuweza kuongea, lakini ulimwonyesha kwa kidole, rudisha, rudisha, mpaka mara nne. Ukamwandikia kwa karatasi, na hiyo karatasi amenitumia. Ni mwandiko wako, umelegea. "Wengine wote wananibembeleza. Kogo peke yake bado ananigombeza kama mtu mzima."

Nimeisoma, nikaiweka ndani ya Biblia, nikaitoa tena. Sijakusamehe. Ulichukua ukali wangu ukaufanya dawa bila kuniuliza. Ungeuliza, Chebet, ningekugombeza kila siku, asubuhi na jioni. Ningepanda ndege nije nikugombeze hapo kitandani.

Sasa sikiliza. Kesho nitalitaja jina lako, mara moja tu. Wamama nimewakataza wasimwekee mtoto ugoro puani. Kama ni wewe, chafya uipige mwenyewe. Ukinyamaza nitapita kwa jina la nyanya yangu, na mimi na wewe tumemalizana. Lakini ukija, nakuahidi hutasikia neno laini kutoka kwangu mpaka siku nitakapokufa. Na hiyo siku nitakuambia mapema.

Ndama bado hana jina. Nakungoja.

Lala vizuri, mjeuri wangu.

Mimi Kogo wako