Duka la Bondi Bila Wewe

Mume wangu, Baba Bhoke,

Najua ungeanza kwa kuuliza duka, halafu watoto, halafu mimi, kwa mpangilio huo huo, kwa hiyo nakujibu kama ulivyozoea. Duka limefungwa. Bhoke na wadogo zake ni wazima. Mimi nimekukumbuka mpaka naona aibu, mtu mzima naongea na shati lililoning'inia nyuma ya mlango.

Limefungwa kwa sababu leseni ilikuwa na jina lako. Nilidhani mke anarithi leseni kama anavyorithi masufuria. Afisa biashara, binti mpole mwenye miwani, alinikalisha akanieleza kwamba haiendi hivyo. Naomba upya kwa jina langu, na mpaka itoke nisipokee kitu cha mtu kuwa rehani wala nisimkopeshe yeyote. Vilivyomo ndani nivirudishe kwa wenyewe wakija kukomboa, yaani wale walioandikwa kitabuni, si ndugu wala jirani. "Ukikosea hapo, mama, hata mimi siwezi kukusaidia," alisema. Niliitikia, maana nyumba nzima inakula kwenye hilo duka.

Basi nikakaa na vitabu vyako. Baba Bhoke, wewe ulikuwa mtu wa ajabu! Wengine hapa Nyangoto wanaopokea vitu vya bondi huandika "pampu ya Mwita" wakafunga daftari, na kina Mwita hapa wako kila mlango. Wewe uliandika Mwita wa nani, wa kijiji gani, namba ya kitambulisho, namba ya mashine, na mpaka mahali rangi ilipochubuka. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wanaguna mlangoni, wanataka hela warudi shimoni, na wewe umepiga magoti na tochi unatafuta namba chini ya pampu. Nilikutania kwamba siku moja utamwandika mtu na chafya yake. Hukucheka, ulisema kama ingesaidia ungeandika.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuja kuweka bondi cherehani yangu. "Hiki ni kitu cha nyumbani, mwenzako naye lazima asaini," ulisema. Nikakwambia sina mume. "Huna kabisa?" Nikakujibu, kwani kuna nusu mume? Ukaandika HANA kwa herufi kubwa, ukapiga na mstari chini. Baadaye cherehani ilirudi kwetu Kenyamonta, na mimi nikahamia kwako Nyangoto.

Hiyo ya saini mbili hakuna aliyekulazimisha, ilikuwa yako mwenyewe. Ulisema hutaki mwanamke aje kulia dukani kwamba mumewe ameweka sufuria bila yeye kujua, wala mwanamume aje kulilia redio. Sote tuliizoea, mpaka siku ile alipokuja Bibi Wankuru kutoka Genkuru, plau lake likiwa juu ya mkokoteni, na pembeni yake Robi, msichana tu, ana mtoto mgongoni.

"Bibi, shikamoo. Mzee yuko wapi asaini?" uliuliza.

"Mume ni mimi. Mke ni huyu hapa."

Ukacheka, ukadhani ni mzaha. Bibi akakukazia macho. "Mura, kijana wewe, unacheka nini? Ng'ombe nimetoa mimi."

Ulikuja mbio kuniita jikoni kama vile paa linaungua. Nikakueleza hapo hapo, wewe mtoto wa Songea, kwamba Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, mume wake alishafariki, ndipo akatoa ng'ombe za mahari akamwoa Robi ili watoto wa Robi wawe wa nyumba yake na wairithi. Sisi tunaita nyumba ntobhu, tumezaliwa tumeikuta. Mwingine angeandika "mama na binti" akaendelea na kazi. Wewe ulirudi, ukaomba radhi, ukamwamkia Bibi upya, ukaandika kama ulivyoambiwa: mume, Wankuru, mke, Robi. Wote wakaweka dole gumba. Jioni ukaniambia, "Mke wangu, watu wa kwenu mtaniua," na ulikuwa unatabasamu. Nilikupenda sana siku ile, sikumbuki kama nilikwambia.

Bibi Wankuru alikufuata kaburini muda si mrefu. Juzi akaja Marwa, mtoto wa shemeji yake.

"Mama Bhoke, nipe plau letu. Deni nalipa lote, na ya chai juu."

Nikamwambia aliyeandikwa ni Robi.

"Robi? Huyo aliletwa tu. Wenye mji ni sisi." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na wewe leseni huna. Nikifika wilayani nikasema neno moja, utauza vitumbua."

Mvua zimekaribia, mume wangu. Bila plau Robi angelazimika kuazima, na wa kumwazima angekuwa Marwa huyo huyo, kwa masharti yake, mpaka shamba lenyewe liondoke. Lakini na mimi nina watoto. Sitakudanganya, mkono ulishafika kwenye funguo. Nilitamani utokee tu, hata kwa kukohoa, uniambie la kufanya. Hukutokea. Nikamwambia, "Nenda wilayani," nikaziweka funguo mfukoni.

Alienda kweli. Yule binti wa miwani akaja, Marwa nyuma yake kifua mbele. Robi nilishampigia simu, na alikuwa ameuza mbuzi akaja na hela kamili. Binti akafungua kitabu. Alipofika kwenye mume na mke alisimama, akavua miwani, akaivaa tena. Kumbe na yeye ni wa huku huku. Akageuka kwa Robi.

"Marehemu alikuwa nani wako?"

"Mume wangu."

"Na wewe sasa?"

"Mjane wake."

Marwa akataka kuingilia, binti akamnyamazisha kwa mkono, akaandika. Kisha bila kuinua kichwa akaniuliza mimi, "Na aliyepokea plau hayupo, wewe unayekabidhi ni nani wake?"

Lilikuwa swali la kazi tu. Lakini neno lile alilolisema Robi, Baba Bhoke, watu wote wameniita nalo isipokuwa mimi mwenyewe. Kanisani nilisema mimi mkewe. Benki, mkewe. Hata kwenye fomu ya leseni mpya, pale pa hali ya ndoa, nilikuwa nimepaacha wazi, na ndiyo maana maombi yalikuwa yamelala. Robi akanitazama. Nikalisema na mimi.

Tulisaini, mimi na Robi tukalibeba plau mpaka kwenye mkokoteni. Fomu nimeimalizia hapo hapo, juu ya meza yako, na binti ameondoka nayo. Jibu bado, naogopa bado, ila silali tena na mawazo ya Marwa. Jana nimepita Genkuru. Robi analima.

Lala salama, mpenzi wangu.

Mimi mjane wako,
Mama Bhoke