Pipa la Kisimani

Buswahili, Butiama
Juni 9

Kaka Kasmiri,

Shikamoo. Natumaini upepo wa Kisorya haujakuharibu kifua, na shemeji Anastazia na watoto wanakula sato hadi wanachoka. Sisi tupo. Mama bado anagombana na mbuzi, na mbuzi bado wanashinda.

Jumanne alifika kisimani mtaalamu wa maji kutoka Musoma, dada mmoja anaitwa Boke. Wanawake walimweleza kwamba juu ya maji kuna mafuta, chini kuna ute mwekundu, na kwamba mke wako alioshea humo bomba la kupulizia dawa ya pamba. Wakaongeza kuwa Profesa alithibitisha. Profesa ni mimi, unajua, kwa ajili ya kusikilizaga redio.

Boke alichukua kijiti akagusa yale mafuta. Yakavunjika vipande kama ganda la yai. Alisema mafuta ya kweli yangeungana tena. Huo ni utando wa bakteria. Wanavuta chuma kilichoyeyuka majini, kaboni wanaipata kwenye majani yaliyooza, halafu wanaacha ute wa rangi ya kutu. Mama Wegesa akaniuliza mbele ya watu kama na hao bakteria wanalimaga pamba. Watu walicheka. Nikainama kutazama viatu vyangu, na sikuwa nimevaa viatu.

Kisha Boke akauliza chuma kimetoka wapi.

Kaka, ni pipa langu bovu la chuma. Nililizamisha mwaka juzi kuzuia kingo zisibomoke, nikafunika kwa majani ya migomba, yakawa yanaozea humo humo. Nao bakteria wakala.

Lililo baya zaidi ni hili. Habari ya kijiti niliisikia redioni wiki moja baada ya kumtaja shemeji. Nilikwenda peke yangu, nikagusa, nikaona vipande. Ndoo yake ilikuwa bado inarudishwa mwisho wa foleni kila asubuhi. Nikanyamaza, maana kuitwa Profesa kulikuwa kutamu. Mkafunga mizigo mkihama, na mimi nikawabebea godoro.

Haya yote nimeyasema pale kisimani, na Jumapili nikayarudia kanisani. Pipa nimelitoa. Sasa ndoo yangu ndiyo inarudishwa nyuma, na hakuna anayenionea.

Shemeji asipotaka kurudi, nitaelewa. Ila msomee barua hii yote, usiruke pale pa kijiti.

Wasalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mama anaulizia dagaa.

Mdogo wako,
Masatu, jina la Profesa nimelivua